Chai ya Maji ya Bondeni

Redio mliyonipa siku ya kuniaga nimeshaifungua. Msiudhike. Ilicheza vizuri, nikasikiliza taarifa ya habari, nikasikiliza na kwaya mbili, kisha mkono ukaniwasha nikachukua bisibisi. Ndani nilikuta kijibodi cha kahawia kisicho na dhahabu hata ya kumpaka sisimizi rangi ya kucha. Nimeirudishia skrubu zake zote na bado inacheza. Nawaambia haya mjue kwamba anayewaandikia ni Moraa yule yule, na kustaafu hakujamtoa tabia.

Kemunto, ambaye sasa ameshika meza yangu, alikuwa ameniomba niandike niliyoyaona kazini ili wanaoingia wasianze kwa kubahatisha. Nilikuwa nikimwambia kesho, kesho kutwa. Kisha nikasikia kwamba mnataka kuleta ule mtungi mkubwa wa maji ya dukani, ule unaosimama kichwa chini juu ya kifaa chake, na kwamba chai ya karakana itapikwa kwa maji hayo. Siku hiyo hiyo nikatafuta kalamu.

Mimi ni mzaliwa wa Tabaka, kwenye mawe ya sabuni. Kwetu wanaume huchonga, na wanawake huketi na beseni la maji na msasa wakilainisha kilichochongwa. Nimelainisha vifaru wengi kuliko waliopo mbugani, na sijawahi kumwona kifaru. Kazi hiyo ilinipa vidole vinavyosikia mkwaruzo mdogo kabla jicho halijauona, na subira ya kukaa na kitu kimoja tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Sikujua kwamba vidole hivyo vingenifaa popote pengine.

Bwana Ombati alikuwa fundi wa simu mjini Kisii. Simu zilizomshinda hakuzitupa, alizijaza kwenye magunia, na magunia yalipomfukuza dukani akakodi kipande cha mlima karibu na Nyakoe, akajenga karakana ya mabati. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya simu mna dhahabu. Wengi walikuwa wamesikia hivyo, nao walikuwa wakichoma bodi, yale mabamba ya umeme ya ndani, nyuma ya nyumba na kuambulia moshi na kikohozi. Ombati alikuwa na akili ya kutafuta mtu anayejua. Akampata Mwalimu Onchiri kutoka Nyamira, upande wa Magwagwa, aliyekuwa amesimamia maabara ya shule ya sekondari maisha yake yote. Hakuwahi kufundisha hata kipindi kimoja, lakini huku kwetu mtu akikaa shuleni muda mrefu bila kufukuzwa anaitwa Mwalimu.

Siku yangu ya kwanza nilipewa gunia la simu za vitufe, koleo, na kigoda. Nilishika simu ya kwanza nikaanza kufungua skrini. Mwalimu akanishika mkono.

"Betri kwanza, Moraa. Kila siku, kila simu, betri kwanza. Kuku huwezi kunyonyoa kabla hujachinja."

"Na hii iliyofura?"

"Hiyo usiiguse na chuma. Iweke kwenye ndoo ya mchanga huko nje, na uitembeze polepole kama mtu amebeba mayai."

Niliitembeza polepole. Jioni nilikuwa na marundo manne mbele yangu: plastiki, betri, vyuma vya kawaida, na bodi. Kwenye kingo za bodi na kwenye vile vipande vya memori vya kompyuta nikaona mistari ya manjano, myembamba kuliko uzi. Niliipapasa. Nikajua papo hapo kwamba kazi hii nitaiweza, na nikafurahi mpaka nikaona haya.

Kwa asiyeijua kazi yetu, inakwenda hivi. Kingo zenye manjano tunazikata, tunaziloweka kwenye asidi inayokula shaba na nikeli na kuiacha dhahabu ikielea kama vipande vya ngozi ya kitunguu. Vipande hivyo tunavichuja na kuviyeyusha katika mchanganyiko mwingine mkali zaidi. Hapo dhahabu yote inapotea machoni, unabaki na maji ya rangi ya chungwa. Halafu unaweka dawa ya kuishusha, unafunika, unangoja. Haya yote hufanyika chini ya bomba la kuvuta moshi, kwa glavu na barakoa, na mwenye haraka anakaa nje.

Mara ya kwanza kuiona ikishuka nilitarajia ing'ae. Asubuhi nilifunua chombo nikakuta tope la kahawia limelala chini, unafikiri mtu amelowesha unga wa wimbi.

"Mwalimu, imeharibika," nikasema.

"Nani amekwambia? Hiyo ndiyo yenyewe. Inangoja moto tu."

Akaiosha, akaikausha, akaipa boraksi ya kunyonya uchafu na moto wa gesi, na lile tope likajikunja likawa tone moja linalotazama juu kama jicho la ndege. Mwalimu Onchiri alivua miwani akajifuta macho. Alisema ni mvuke.

Hatukuwa tumekaa sana pale alipokuja Magokoro. Jina lake Bochaberi, lakini kwa umri wake sote tulimwita Magokoro, yaani bibi. Boma lake lilikuwa chini ya karakana, karibu na chemchemi ambako mlima mzima unateka maji. Alikuja na wanawake wenzake, kila mmoja na jerikeni tupu, wakazipanga langoni kwetu mstari mmoja. Hakupiga kelele. Alisimama akitutazama mpaka tukazima gesi.

"Mkubwa hapa ni nani?"

Mwalimu akajitokeza, akamsalimu kwa heshima. "Bwakire, Magokoro."

"Bwakire. Sasa nisikize, baba. Hapa chini ndiyo tunateka maji. Ng'ombe yangu inakunywa, wajukuu wangu wanakunywa. Nyinyi mnapika dawa ya kuyeyusha chuma. Hiyo dawa ikimaliza kazi, inaenda wapi?"

Mwalimu akamtembeza. Akamwonyesha shimo la saruji la kukusanyia maji ya suuza, chokaa ya kuua ukali wa asidi, mapipa ambamo tope lenye shaba linakaushwa na kufungwa mpaka lori la watu wenye kibali lije kulichukua. Alieleza vizuri sana. Magokoro alisikiliza yote, kisha akauliza:

"Chai yenu mnapika na maji gani?"

"Ya tangi, Magokoro. Ya mvua."

"Mimi sijui mambo ya mapipa. Kutoka leo chai yenu pikeni na maji ya hapa chini, pale tunatekea sisi. Siku nitaona mmeacha, nitajua mmejua kitu."

Akageuka, wanawake wakabeba jerikeni zao, wakaenda. Mwalimu akaingia ndani, akatoka na birika. Aliteremka mwenyewe hadi chemchemini mbele ya wanawake wote, akapanda nalo akihema, na chai ya saa nne ikapikwa kwa maji hayo. Ndiyo asili ya desturi ambayo baadhi yenu mnadhani ni ubahili wa Ombati.

Nimefanya kazi na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani, na sijaona iliyotubana kama lile birika. Mtu akiona tone limeanguka sakafuni analifuta akifikiria kikombe chake. Mchongaji Nyang'au, aliyenifuata kutoka Tabaka, ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote, na ndiye aliyekuwa mnywaji mkubwa wa chai kuliko wote. Nadhani mambo hayo mawili yalijuana.

Huyo Nyang'au ndiye aliyetupa kicheko cha miaka. Kalibu ya chuma tuliyokuwa tukimiminia dhahabu ilikuwa ikishika kutu na kung'ang'ania kipande. Nikamwambia Mwalimu kwamba jiwe la kwetu linavumilia moto na halishikani na kitu. Nikaleta donge la rangi ya waridi kutoka nyumbani, Nyang'au akachonga ndani yake kitanda kidogo kama cha kulaza kidole. Kipande cha kwanza kilitoka laini, kikaanguka chenyewe tulipogeuza jiwe. Nilijivuna siku hiyo, na sijamaliza kujivuna. Watu wa Nairobi wanaonunua kwetu bado huuliza vipande vyetu vinapata wapi ngozi nzuri hivyo.

Lakini mchongaji hawezi kuona jiwe lina vumbi akaliacha. Siku moja, kabla hatujamimina, Nyang'au alilichukua akalipeleka kwenye beseni, akalilowesha, akalisugua kwa msasa mpaka likang'aa, kama alivyofundishwa na baba yake. Akalirudisha mezani kwa fahari. Nje limekauka, ndani limekunywa maji. Mwalimu alipomimina, jiwe lilipiga mlio, na dhahabu ikaruka ikatawanyika juu ya mabati, kwenye meza, hadi kwenye kofia ya Mwalimu. Ngao za uso zilituokoa. Mwalimu akasema bila kugeuka:

"Nyang'au, umeiosha?"

"Kidogo tu, Mwalimu. Ilikuwa chafu."

Tulifagia karakana nzima, tukapanguza mabati ya dari kwa kitambaa, na vumbi lote pamoja na kofia tukaviingiza kwenye asidi. Dhahabu ilirudi. Kofia haikurudi. Tangu hapo jiwe linapashwa moto taratibu kabla ya kazi, na beseni la maji haliingii chumba cha kumiminia. Mkiona Wakisii wa Tabaka wanaingia kazini, waambieni hilo siku ya kwanza, maana hakuna mwingine atakayefanya kosa hilo, ila wao watalifanya wote.

Baadaye nilipewa kazi ya kuzunguka masoko kukusanya simu na kompyuta zilizokufa. Ogembo, Magwagwa, na vituo vya katikati. Nilipenda mizunguko hiyo, kwa sababu watu wa sokoni hawana siri. Ogembo mzee mmoja aliniletea televisheni ya zamani, ameibeba kwa bodaboda na kuifunika blanketi. Alikuwa ameambiwa kwamba ndani mna zebaki nyekundu inayotafutwa na wageni.

"Mama, wewe fungua pole pole. Isikimbie," akaniambia.

Niliifungua mbele yake. Akainama, akachungulia, akakuta mende. Akasema kama ni hivyo basi niifunge, arudi nayo, bado inaonyesha mpira. Kumbe ilikuwa nzima. Nilimfungia skrubu zake kwa heshima zote.

Sasa nije kwenye siku ambayo, nikiulizwa nilifanya nini maishani, ndiyo nitakayoitaja.

Mwalimu Onchiri alikuwa ameshazidiwa na kifua, amerudi kwao Magwagwa, na karakana alikuwa ameniachia mimi. Mnajua mvua ya huku, ikifika alasiri inakuja bila kubisha hodi. Siku hiyo ilikuja na upepo ukang'oa mfereji wa paa, na maji yote ya bati yakawa yanamwagikia ndani ya shimo la suuza. Shimo lilikuwa limejaa nusu, halijatiwa chokaa. Nilisimama ukingoni nikaona maji yakipanda kwa macho yangu. Chini ya ukingo ule ni mteremko wa nyasi, na chini ya nyasi ni chemchemi.

Nyang'au alipanda juu ya paa kujaribu kuurudisha mfereji. Sisi wengine tukachota. Tukajaza ndoo, tukajaza mapipa yaliyokuwa wazi, tukajaza hata beseni la msasa. Vyombo vikaisha na mvua haikuisha. Kilichobaki na nafasi kilikuwa pipa moja tu, la buluu, na ndani yake mlikuwa na maji ya chungwa. Ilikuwa dhahabu ya mwezi mzima, imeyeyushwa tayari, inangoja dawa ya kuishusha. Kuitia maji ya suuza ni kuirudisha kwenye uchafu tulikoitoa.

Nikampigia Ombati, aliyekuwa mjini.

"Moraa, hapana! Hilo pipa usiguse! Hiyo ni jasho ya mwezi mzima!"

"Bosi, shimo linafurika."

"Si mvua itapunguza ukali? Ni maji tu hiyo!"

"Sawa. Na chai ya kesho nani atakunywa?"

Nilisikia mvua ya mjini ikipiga paa lake.

"Fanya vile unaona," akasema, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Niliogopa. Sikuogopa kufukuzwa kazi, nilimwogopa yule bibi wa chini na wajukuu wake, niliogopa kesho yake asubuhi. Nikafungua pipa la buluu kwa mikono yangu, tukaanza kumimina maji ya shimo ndani yake. Rangi ya chungwa ikawa ya kijani, kijani ikawa ya tope, na mimi nilikuwa nalia ndani ya barakoa nikichota. Maji ya shimo yalifika upana wa kiganja chini ya ukingo, yakasimama. Nyang'au akapiga kelele juu ya paa kwamba mfereji umeshika. Hakuna tone lililovuka.

Asubuhi nilichukua birika mimi mwenyewe, na vikaratasi vyetu vya kupimia asidi. Nilipofika chemchemini Magokoro Bochaberi alikuwa ameketi kwenye jiwe. Nikachovya karatasi, nikangoja. Haikubadilika rangi. Nikamwambia yaliyotokea yote, na kwamba tutapeleka maji mjini yapimwe, na mpaka majibu yarudi awaambie watu wateke kwingine.

"Nilikuona jana," akasema.

"Ulikuwa wapi kwenye mvua ile?"

"Kwa ua, na jani ya ndizi kwa kichwa. Nilikuwa nimekuja kuwashika. Nikaona mnachota mnaingiza ndani. Mtu mwenye anataka kudanganya anachota akitupa nje."

Akainuka, akanishika bega, tukapanda naye hadi karakana. Miaka yote hiyo hakuwa amevuka lango letu tangu siku ya jerikeni. Nikateleka birika. Nilipotaka kutia majani akanizuia.

"Mimi ni Msabato, majani sinywi. Nipe maji moto."

Nikamsihi angoje majibu ya mjini. Akanitazama mpaka nikampa kikombe. Alikunywa akiwa amesimama, wafanyakazi wote wakimtazama, akafuta mdomo kwa leso.

"Inanuka moshi," akasema. "Lakini ni maji yetu."

Majibu ya mjini yalirudi safi. Na ile dhahabu tuliihangaikia kwa majuma, tukichuja tope na kurudia, mpaka asubuhi moja nikafunua chombo nikaukuta ule unga wa wimbi umelala chini. Nilimpigia Mwalimu Onchiri simu nikamweleza yote. Alikohoa, akacheka, akaniuliza kama jiwe lilikuwa kavu. Ndiyo sifa kubwa aliyowahi kunipa, maana hakuwa na neno lingine la kuuliza.

Umri wangu wa kustaafu ulipokaribia nilipanga kurudi Tabaka. Magokoro, wakati huo akitembea kwa mkongojo, akaniita bomani. Wanawe walikuwa wakiuza kipande kilicho juu kidogo ya chemchemi, na tajiri mmoja wa mjini alikitaka ajenge nyumba za kupangisha. Bibi aliwaambia mbele yangu kwamba kitakuwa changu. Mwanawe mkubwa akasema, kwa adabu, kwamba mimi si wa ukoo wao, na kwamba ardhi haiendi kwa mtu wa Tabaka hivi hivi.

"Ninajua si wa kwetu," Magokoro akamjibu. "Ni wa huko juu. Ndiyo ninataka akae hapa chini. Huyu akikunywa hii maji, wale wa juu watakuwa na adabu."

Kwa hiyo msidhani nilipewa kiwanja kwa kupendwa. Niliwekwa pale kama kikaratasi chetu cha kupimia asidi, na nimeridhika kabisa. Sijapata cheo kilichonifurahisha kama hicho.

Magokoro tulimzika mahindi yakiwa yanabeba. Nyang'au alimchongea jiwe la kaburi, akaliosha na kulisugua atakavyo, na safari hii hakuna aliyemkataza. Jiwe lake nyote mmeliona, na ni zuri.

Basi, mtungi wa dukani ni wenu, na pesa za kuununua ni zenu. Mimi asubuhi huketi mlangoni na kikombe changu, na njia ya chemchemini inapita mbele ya nyumba yangu. Kemunto huteremka na birika kabla ya saa nne, ananisalimu, anapanda. Siku nitakayoona birika halijashuka, nitajua mmejua kitu.